Kutafuta mababu katika rejista za zamani za makanisa ya Uingereza: mwongozo wa hatua kwa hatua

Wanaoanza kazi hii huuliza maswali yale yale. Nianzie wapi? Rejista zote zimo mtandaoni? Mbona nimepata akina John watatu katika kijiji kimoja, na wa kwetu ni yupi? Majibu yake yamo humu, kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Mwongozo unahusu rejista za Kanisa la Uingereza, yaani Anglikana: ubatizo, ndoa na maziko. Utakufaa kama una babu Mwingereza aliyekuja Kenya au Tanganyika akiwa mlowezi, mmisionari au mtumishi wa serikali ya kikoloni, au kama umeoa au kuolewa huko na unataka watoto wajue upande wa pili wa ukoo wao. Uskoti na Ayalandi zina utaratibu wake, na sehemu kubwa ya rejista za Kianglikana za Ayalandi iliteketea Dublin mwaka 1922. Ukigundua babu alitoka huko, usitumie hatua hizi.

Shika neno moja tangu sasa: kuliona jina si kumpata mtu. Kazi kubwa ni kuthibitisha kwamba huyo uliyemwona ndiye, wala si binamu yake au jirani waliyefanana majina.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Jina kamili la mtu mmoja aliyezaliwa Uingereza, mwaka wa kuzaliwa hata wa kukisia, na kaunti au mji. Waulize wazee kwanza. Tafuta pasipoti ya zamani, cheti cha ndoa, barua, na Biblia ya familia, kwa maana wengi waliandika tarehe za kuzaliwa watoto katika kurasa zake za mwanzo.
- Akaunti ya FamilySearch, tovuti ya kumbukumbu za ukoo, ambayo ni bure. FreeREG (rejista za parokia) na FreeBMD (faharasa za usajili wa serikali) hazidai hata akaunti. Ancestry na Findmypast ni za kulipia. Usilipe mpaka ujue ni ipi kati yake yenye kaunti yako, kwa sababu kila moja ina mikataba na hifadhi tofauti.
- Daftari au jedwali la kompyuta lenye safu hizi: tarehe kama ilivyoandikwa, tarehe iliyosahihishwa, jina kama lilivyoandikwa, parokia, aina ya tukio, mahali ulipoiona, na maoni yako.
- Fedha kidogo za kununua vyeti vya serikali.
- Karatasi yenye alfabeti ya mwandiko wa karne ya 16 na 17. Chapisha moja uiweke kando ya skrini.

Miaka ya kukumbuka

Rejista ziliamriwa mwaka 1538, enzi ya Henry VIII. Nyingi za mwanzo ziliandikwa kwenye karatasi hafifu. Mwaka 1598 makanisa yakaamriwa kuzinakili kwenye ngozi, hasa kuanzia 1558, na ndiyo maana rejista nyingi zinaanzia mwaka huo. Tangu 1598 pia kila parokia ilipeleka nakala ya mwaka kwa askofu. Kiingereza kilichukua nafasi ya Kilatini kabisa mwaka 1733. Ndoa zilipata daftari lake lenye sahihi na mashahidi mwaka 1754. Ubatizo na maziko vilipata fomu za chapa, maingizo 8 kwa ukurasa, mwaka 1813. Na tarehe 1 Julai 1837 serikali ilianza kusajili vizazi, ndoa na vifo yenyewe.

Yatosha. Sasa kazi.

Hatua ya 1: Rudi nyuma mpaka 1837 bila kuruka kizazi

Usianze na kanisa. Anza na vyeti vya serikali, ukitoka mtoto kwenda kwa mzazi. Faharasa ya ofisi kuu ya usajili, GRO, inaonyesha jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa kwa vizazi vyote tangu 1837, na kutafuta humo ni bure ukifungua akaunti. Cheti cha ndoa cha baada ya 1837 kina jina na kazi ya baba wa bwana harusi na wa bibi harusi. Cheti kimoja hicho kinaweza kukuvusha kizazi kizima.

Kisha ingia kwenye sensa. Ya 1851 ni dhahabu kwa sababu inataja parokia aliyozaliwa kila mtu. Ya 1841 haitaji parokia, na umri wa waliozidi miaka 15 kwa kawaida ulishushwa hadi tano iliyo karibu: mtu wa miaka 39 ameandikwa 35. Usiuchukue umri wa 1841 kama ulivyo.

Kama babu alisafiri kuja Afrika Mashariki, orodha za abiria waliotoka bandari za Uingereza kati ya 1890 na 1960 zimehifadhiwa na zimo mtandaoni. Tafuta waliokwenda Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam; mara nyingi utapata umri na kazi, na katika miaka ya baadaye hata anwani ya mwisho.

Hatua ya 2: Tambua parokia, kisha majirani zake

Rejista ni ya parokia, si ya mji wala kaunti. Mji mkubwa ulikuwa na parokia nyingi, na parokia kubwa ya mashambani ilikuwa na makanisa madogo ndani yake yenye rejista zao. Fungua ramani ya FamilySearch inayoonyesha mipaka ya parokia za Uingereza mwaka 1851, andika jina la kijiji, kisha orodhesha parokia zote zinazopakana nacho. Ongeza zilizo ndani ya kilomita 15 hivi, mwendo ambao mtu angeutembea kwenda na kurudi siku moja. Orodha hiyo ndiyo uwanja wako wa msako. Ndoa mara nyingi ilifungwa kwa kina bibi harusi, na mtoto wa kwanza huenda akabatizwa huko huko.

Hatua ya 3: Jua kilichopo na kilichopotea

Kabla ya kutafuta jina, tafuta habari za rejista zenyewe. Ubatizo unaanza mwaka gani? Kuna pengo wapi? Vitabu vingi vya zamani sasa vimo katika hifadhi za nyaraka za kaunti, na katalogi zake zinasomeka mtandaoni. Andika mapengo kwenye daftari lako. Wengi hukesha miezi wakimsaka mtu katika miaka ambayo kitabu chake hakipo.

Hatua ya 4: Tafuta kwenye faharasa, kwa mtego mpana

Tahajia haikuwa imesimama. Karani aliandika alichosikia, na familia nyingi hazikujua kusoma ili zimsahihishe. Kwenye FamilySearch na Ancestry alama ya * inasimama badala ya herufi nyingi, na ? badala ya moja: Cl*rk* italeta Clark, Clarke na Clerk kwa pamoja. Jaribu kuondoa H ya mwanzo. Jaribu pia jina la kwanza na majina ya wazazi bila jina la ukoo kabisa, ndani ya parokia moja. Miaka iwe pana, mitano kila upande.

Angalizo: kutoliona jina kwenye faharasa si ushahidi kwamba halimo kitabuni. Kila tovuti ina baadhi ya parokia na baadhi ya miaka tu.

Hatua ya 5: Fungua picha ya ukurasa usome mwenyewe

Faharasa imetengenezwa na mtu au programu iliyosoma kwa haraka, na huacha mengi: kazi ya baba, mahali alipoishi, maneno ya pembeni. Usiandike kitu kwenye ukoo wako kwa faharasa peke yake kama picha inapatikana.

Tuchukue mfano ulio wazi kwa wote, ukoo wa William Shakespeare wa Stratford-upon-Avon, kaunti ya Warwickshire. Tarehe 26 Aprili 1564 rejista ya kanisa la Holy Trinity ina mstari huu:

*Gulielmus filius Johannes Shakspere*

Gulielmus ni William kwa Kilatini. Filius ni mwana wa kiume wa. Angekuwa binti, ingekuwa filia. Johannes ni John. Kwa sarufi ilipasa kuwa Johannis, na kosa hilo linakukumbusha kwamba Kilatini cha makarani hakikuwa cha chuo. Jina la mama halimo, na kabla ya 1813 jambo hilo ni la kawaida. Siku ya kuzaliwa haimo pia. Aprili 26 ni siku ya ubatizo, basi iandike hivyo. Usiigeuze kuwa siku ya kuzaliwa. Na kitabu chenyewe ni nakala ya ngozi iliyotengenezwa mwaka 1600, kwa hiyo hata hapo tunasoma mkono wa mnakili.

Majina mengine ya Kilatini utakayokutana nayo: Jacobus ni James, Carolus ni Charles, Radulphus ni Ralph, Egidius ni Giles. Sepultus ni amezikwa, vidua ni mjane wa kike. Vifupisho vya Kiingereza: Jno ni John, Wm ni William, Jas ni James, Thos ni Thomas. Xtopher ni Christopher. Herufi otp kwenye ndoa maana yake ni mkazi wa parokia hii. 7ber ni Septemba, wala si Julai. 8ber ni Oktoba, 9ber Novemba, na 10ber au Xber ni Desemba. Hapa watu wengi huteleza.

Mwandiko ukikushinda, usikisie neno lote. Tafuta neno unalolijua kwenye ukurasa huo huo, kama jina la mwezi au baptized, uangalie karani anavyochora kila herufi, kisha urudi kwenye jina. S ndefu inafanana na f, na ss huonekana kama fs. H ya zamani inashuka chini ya mstari, na c mara nyingi inafanana na r.

Soma pia kurasa mbili mbele na mbili nyuma. Ndugu walibatizwa pamoja siku moja mara nyingi kuliko unavyodhani, mmoja wa wiki tatu na mwingine wa miaka sita.

Walio na asili ya Afrika wanaomtafuta mtu aliyeishi Uingereza zamani wajue kwamba wapo rejistani. Mary Fillis, mzaliwa wa Morocco, alibatizwa London katika kanisa la St Botolph, Aldgate, tarehe 3 Juni 1597, na ingizo lake ni refu isivyo kawaida. Maneno waliyoandikiwa watu hao, blackamoor na negro, yanaudhi, lakini ndiyo yatakayokufikisha kwao.

Hatua ya 6: Sahihisha tarehe

Kabla ya 1752 mwaka wa Uingereza ulianza 25 Machi. Tarehe zote kuanzia 1 Januari hadi 24 Machi zimeandikwa kwa mwaka ambao sisi tungeuita uliopita.

Ona uzito wake. Susanna, binti wa kwanza wa Shakespeare, alibatizwa 26 Mei 1583. Mapacha Hamnet na Judith wameandikwa 2 Februari 1584. Ukisoma hivyo hivyo, mama amezaa tena baada ya miezi minane na siku chache, na utaanza kudhani mapacha ni wa mama mwingine. Kwa hesabu yetu ilikuwa Februari 1585. Andika miaka yote miwili, 2 Februari 1584/5, ili atakayesoma kazi yako asisahihishe mara ya pili. Na mwaka 1752 wenyewe, Septemba ilitoka tarehe 2 ikaruka hadi 14.

Hatua ya 7: Tafuta ndoa ya wazazi

Rudi nyuma kutoka kwa mtoto mkubwa unayemjua. Usianzie miezi tisa kabla ya ubatizo wake. Wengi walifunga ndoa mke akiwa na mimba. Dhamana ya ndoa ya Shakespeare, yaani ahadi ya fedha kwamba hakuna kizuizi cha ndoa, ni ya 28 Novemba 1582, miezi sita kabla ya Susanna kubatizwa.

Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni matangazo kanisani Jumapili tatu, katika parokia zote mbili kama wachumba walitoka tofauti. Baada ya 1754 daftari la matangazo linaweza kukutajia parokia ya pili hata kama ndoa yenyewe huioni. Ya pili ni kibali cha askofu, ambacho kiliacha karatasi katika ofisi ya dayosisi: kiapo na dhamana. Ndoa ya Shakespeare haijaonekana katika rejista yoyote. Tunaijua kwa karatasi za dayosisi ya Worcester tu, na hata hizo zinapingana: kumbukumbu ya kibali ya tarehe 27 inamtaja Anne Whateley wa Temple Grafton, na dhamana ya pauni 40 ya kesho yake inamtaja Anne Hathwey wa Stratford. Ofisi moja, siku mbili, majina mawili. Ndiyo maana karatasi moja haitoshi.

Kati ya 1754 na 1837 ndoa inaonyesha sahihi au alama ya X, hali ya kila mmoja, parokia na mashahidi, lakini haina majina ya baba. Hapo ndipo koo nyingi hukwama. Shika mashahidi: mara nyingi ni kaka, dada au shemeji. Na linganisha sahihi. Watu wawili wa jina moja hawakuandika mkono mmoja.

Hatua ya 8: Ikusanye familia nzima

Usimchukue mtoto mmoja ukaondoka. Orodhesha watoto wote wa wazazi hao katika parokia hiyo, kwa tarehe. Nafasi ya kawaida kati yao ni miaka miwili hivi. Ukiona watoto wawili wametofautiana miezi mitano, una familia mbili zilizochanganyika.

Jina likirudiwa, mara nyingi wa kwanza alikwisha kufa. John Shakespeare, baba wa William, alimbatiza Joan mwaka 1558, akambatiza Joan mwingine 1569. Huyo wa pili ndiye aliyekua na kuolewa.

Hatua ya 9: Tafuta maziko ya kila mshindani

Hatua hii hurukwa kuliko zote, nayo ndiyo inayookoa. Umepata William watatu waliobatizwa kati ya 1760 na 1765 katika parokia jirani? Fuatilia kila mmoja. Aliyezikwa akiwa mtoto hawezi kuwa babu yako. Aliyeoa mwanamke mwingine na kuzaa naye kijiji cha pili katika miaka ile ile, naye mwondoe. Anayebaki ndiye wa kushika, kwa tahadhari.

Tangu 1813 maziko yana umri na mahali pa kuishi. Kabla ya hapo utapata jina tu, pengine na neno inf kwa mtoto mchanga, wid kwa mjane, au mwana wa fulani. Hamnet amezikwa 11 Agosti 1596 akitajwa kama mwana wa William. Bila maneno hayo mtu angeendelea kumtafutia wajukuu.

Hatua ya 10: Andika ulipoiona

Kwa kila tukio andika hifadhi, namba ya kitabu, ukurasa au namba ya picha, na kama ni rejista yenyewe au nakala ya askofu. Andika pia ulipotafuta bila kupata, pamoja na miaka uliyoipitia. Usipofanya hivyo utaisoma parokia ile ile tena mwakani.

Mambo yakikwama

*Ubatizo hauonekani popote.* Pitia sababu hizi kwa mpangilio. Parokia jirani. Kubatizwa akiwa mkubwa. Kuzaliwa nje ya ndoa, hivyo kuandikwa kwa jina la ukoo la mama. Miaka ya 1642 hadi 1660, ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na utawala usio na mfalme, ambapo uandishi ulivurugika na kuanzia 1653 wengine waliandika kuzaliwa badala ya ubatizo. Na miaka ya 1783 hadi 1794, kila ingizo lilipotozwa kodi ya peni 3: maskini waliandikwa bure, wengine wakangoja kodi ifutwe.

*Familia haikuwa ya Anglikana.* Wabatisti, Waindependenti na wengine walikuwa na vitabu vyao. Vingi vilikabidhiwa serikalini baada ya 1837 na vimo The National Archives, Kew, mfululizo wa RG 4. Vya Wakweka (Quakers) ni RG 6. Wakweka waliita miezi kwa namba, na kabla ya 1752 mwezi wa kwanza kwao ulikuwa Machi. Hata hivyo, kuanzia 1754 hadi 1837 ndoa zao wote, isipokuwa Wakweka na Wayahudi, zilipaswa kufungwa katika kanisa la Anglikana. Zitafute huko.

*Kitabu kimepotea au kimeliwa na unyevu.* Omba nakala za askofu za miaka hiyo. Kwa kawaida zimo katika hifadhi ya dayosisi. Hazina sahihi halisi za maharusi, na mnakili aliweza kuruka mstari. Lakini wakati mwingine zina neno ambalo rejista haina, basi ukivipata vyote viwili, soma vyote viwili.

*Picha imefungwa.* Kwenye FamilySearch, alama ya kamera yenye ufunguo ina maana kwamba picha inafunguka ukiwa ndani ya kituo chao au maktaba shirika tu. Vituo vingi vimo katika majengo ya Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na si lazima uwe muumini ili uingie. Tafuta kilicho karibu kwenye tovuti yao, upige simu kwanza.

*Wawili wa jina moja, umri mmoja, parokia moja.* Tazama kazi zao. Stratford ilikuwa na John Shakespeare mwingine, fundi viatu, ilhali baba wa William alikuwa mtengeneza glovu. Watoto wa fundi viatu, Ursula, Humphrey na Philip, waliobatizwa kati ya 1589 na 1591, walipachikwa kwa miaka mingi kwenye familia isiyo yao. Kazi ikikosekana rejistani, itafute katika wosia, orodha za kodi, na karatasi za maskini za parokia, ambazo hueleza kwa urefu mtu alizaliwa wapi na aliwahi kuajiriwa na nani.

*Ukoo uliopakiwa mtandaoni na mtu mwingine unapingana na wako.* Tazama kama ameambatanisha picha ya rejista. Kama hana, chukua majina yake kama fununu ya kwenda kukagua. Kama anayo, isome upya kuanzia hatua ya 5, kisha umwandikie ukimpa namba ya kitabu na ukurasa wako.

*Ushahidi umeishia kwa watu wawili wasiotenganishika.* Waandike wote wawili kwa alama ya kuuliza, na usiendelee kutafuta wazazi wa yeyote kati yao. Hifadhi za kaunti zinaendelea kuweka vitabu vipya mtandaoni. Rudi baada ya mwaka mmoja, anza na wosia na vibali vya ndoa ambavyo hukuviona mara ya kwanza.